Mwaka Mbolea Iliposhuka Porini

Sisi wa mlimani tuna mashamba mawili. La kwanza ni kihamba, pale nyumbani penye migomba na kahawa, na hapo hapo ndipo tunapozikwa. La pili liko chini kwenye tambarare, penye joto na vumbi, na tunaliita porini hata siku hizi ambapo limezungukwa na nyumba za bati na mnara wa simu. Kihamba ni mambo ya wanaume, porini ni kwa wanawake. Nimekua nikimwona mama akishuka na jembe na kupanda na mzigo wa majani kichwani, huku baba amebaki juu anapogolea kahawa yake taratibu, kama mtu anayemnyoa mtoto aliyelala. Nikiwa msichana jambo hilo lilinikera sana. Niliwahi kumuuliza mama kwa nini baba hashuki, akacheka mpaka akakaa chini. Alisema akishuka ataharibu.

Mama alikuwa akivuna mara mbili kwa mvua moja. Masika ikianza alipanda mahindi. Mwezi wa tano, mvua ikielekea kuisha na mahindi yakiwa yameanza kutoa mbelewele, alirudi kupanda ngwara katikati ya mistari. Ngwara ni jamii ya maharage, mbegu yake ina mstari mweupe ubavuni, na si rahisi kufa. Mahindi yakishakauka na kuvunwa, yenyewe ndiyo kwanza inaanza kutamba, inakunywa unyevu uliobaki chini, na kufika mwezi wa kumi watu mnakula kiburu cha ndizi na ngwara wakati shamba la jirani ni vumbi tupu.

Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza alivua majani ya chini ya mahindi ili mwanga ufike ardhini, na majani hayo ndiyo aliyompelekea ng'ombe juu. Kisha alivua kandambili, akaziacha mwanzo wa mstari, akaanza kutembea. Jembe liligusa ardhi kidogo tu, mbegu mbili zikaanguka, mguu ukafukia, akapiga hatua nyingine. Hakuinama. Mbegu alizifunga kwenye pindo la khanga, na alikuwa akiongea muda wote, ananisema mimi, anamsema baba, anamsema ng'ombe. Akichoka alikwenda kukaa karibu na kichuguu kilichoko mwisho wa shamba, akala ndizi ya kuchoma, akanywa maji, akaendelea.

Ngwara za sokoni ni nyeusi. Za mama zilikuwa nyekundu iliyofifia, rangi ya kahawa iliyokaangwa ikatolewa mapema. Alikuja nazo alipoolewa, kutoka kwa mama yake, na kila mwaka alitenga za mbegu akazichanganya na majivu ndani ya kidumu cha mafuta ya kula, akakiweka juu ya dari ya jiko. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Mwaka mmoja wa njaa tulikula hata mahindi ya mbegu, lakini kidumu kile hakikushushwa.

Mwaka juzi aliugua wakati wa palizi ya pili. Moyo ulikuwa umechoka, ndivyo tulivyoelezwa hospitali kule mjini, na kweli alikuwa anapumua kama mtu aliyepandisha mlima mbio. Mimi nashona nguo Kiboriloni, jirani na mji, kwa hiyo zamu ya kukaa naye ilikuwa yangu zaidi. Baba alishuka kila siku na chupa ya uji. Alivaa koti lake la kanisani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akawa anakunja na kukunjua pindo la shuka. Wameishi pamoja maisha yao yote na sikuwahi kuona mtu mwenye hofu kiasi kile mbele ya mke wake.

Mama ndiye aliyeuliza. Aliuliza jambo lile lile kila baba alipofika, hata kabla ya kuitikia salamu.

"Ngwara mmeotesha?"

Siku za mwanzo baba alijibu kwamba bado, tukitoka hapa tutaotesha. Mama aligeuza uso ukutani. Mvua haingoji watu watoke hospitali, na wote watatu tulijua hilo. Ndipo siku moja, jua la asubuhi limejaa wodini, mama akauliza tena kwa sauti ambayo ilibidi baba ainame kuisikia, na baba akasema, "Tumeotesha."

"Zote?"

"Zote. Tumemaliza jana."

Mama akafumba macho, akatabasamu. Akamuuliza kama walivua majani kwanza. Baba akaniangalia mimi, maana hakujua anaulizwa majani gani. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema walivua, na ng'ombe ameshiba. Mama alifariki kabla ya Jumapili, na hakuuliza tena.

Tulimzika kihambani, upande wa juu, penye migomba ya ndishi aliyoipenda. Jumuiya ilisali, ndugu walikula, na matanga yalipoondolewa ndugu zangu wakarudi Dar na mizigo yao ya ndizi. Nilibaki na baba ili asilale peke yake kwenye nyumba ile. Asubuhi iliyofuata niliamka nikakuta ngazi imeegemezwa jikoni na kidumu hakipo. Baba alikuwa nyuma, kwenye zizi, anajaza mbolea kwenye magunia.

Hapa inabidi nieleze, kwa mtu asiye wa kwetu. Majani hupanda, mbolea haishuki. Majani, mabua, maganda ya maharage, vyote hutoka porini kwenda kwa ng'ombe, na ng'ombe akishamaliza kazi yake, mbolea ni ya migomba na kahawa. Sijawahi kuona mtu akishusha mbolea porini. Ni kama kuchukua chakula mezani ukampelekea mtu wa njiani huku watoto wanatazama. Na baba alikuwa mtu wa kugombana na jirani kwa ndoo moja ya mbolea.

"Shikamoo baba. Unakwenda wapi na hiyo?"

"Marahaba. Porini."

"Baba, ngwara hazitaki mbolea. Tena hiyo mbichi. Acha nishuke mimi, nitazipanda leo hii hii."

"Nilimwambia mamako tumeotesha." Hakuacha kujaza gunia. "Sikumwambia umeotesha wewe."

Nilikasirika. Nilimwambia hajui hata jembe linashikwaje kule chini. Akanijibu kwamba yeye aliotesha kahawa kabla mimi sijazaliwa, na kahawa hiyo ndiyo iliyonipeleka shule, kwa hiyo nisimfundishe kutia mbegu ardhini. Alikodi bodaboda, ikashusha magunia moja moja, kijana wa watu akilalamika harufu. Mimi nilifuata kwa miguu, nimenuna.

Aliotesha ngwara kama anavyootesha kahawa. Alipigilia vigingi, akavuta kamba kutoka mwanzo hadi mwisho wa mstari, akapima kwa fimbo, akachimba. Mashimo yenyewe yalikuwa yanaingia mkono mpaka karibu na kiwiko. Akatia mbolea, akatia konzi ya mbegu, akafukia, akashindilia kwa buti lake la mvua. Majani ya mahindi hakuvua hata moja. Jirani wa mama kule porini, mama mmoja wa makamo aliyelima naye bega kwa bega miaka yote, aliacha kazi zake akaja kusimama mpakani.

"Meku," akamwita kwa heshima ya wazee, "unazika nini hapo?"

Neno lilimtoka tu. Nilimwona anajiziba mdomo. Baba akasogeza kamba yake kwenye mstari mwingine, na yule mama akaanza kulia kimya kimya, nami nikalia, tukabaki mpakani wanawake wawili tunalia huku mzee anapima ardhi kwa fimbo. Sikusema tena neno la mbegu. Ungemwona usingesema. Alimaliza kidumu chote.

Hazikuota. Mvua ilinyesha mara mbili zaidi, ikakata. Baba alishuka kila wiki kuangalia, akarudi akasema bado zinajipanga. Yule jirani alifukua shimo moja siku ambayo baba hayupo, akaniita nione. Mbegu nyingine zilikuwa zimeoza kwa joto la mbolea. Nyingine zilikuwa zimejaribu. Zilitoa kichipukizi cheupe, kikapanda, kikajikunja, kikafia njiani hakijaona jua. Nilikichukua kimoja nikakaa nacho kiganjani. Mama alikuwa amekitunza kizazi kile tangu ujana wake, na mama yake kabla yake, na sasa kilikuwa kimeishia mle shimoni. Niliuliza soko zima la Kiboriloni, nikafika hadi Kwa Sadala siku ya soko, nikiomba ngwara nyekundu. Nilionyeshwa nyeusi, nilionyeshwa nyeupe. Mwuzaji mmoja aliniambia ninunue tu, ladha ni moja. Nusura nimtukane.

Nilidhani baba hajui. Tulikula jioni bila kuzungumza habari ya porini. Alianza kukonda. Kahawa iliiva akachelewa kuichuma, jambo ambalo halijawahi kutokea pale nyumbani.

Mwezi wa nane tulishuka kuvuna mahindi. Tulipokata mabua shamba likafunguka, na ndipo nilipoliona, mwisho kabisa, pembeni ya kichuguu: shina moja la ngwara, limelala juu ya kichuguu chote, bichi, na maua ya zambarau yameanza kufunguka. Nilipiga kelele kumwita baba. Nilikuwa nimeshajua la kumwambia. Ningemwambia, baba, umeona, zako zimeota, moja imeota, umetimiza. Nilikuwa nimelipanga vizuri kabisa mdomoni.

Alikuja polepole, panga mkononi. Akalitazama shina, kisha akageuka akatazama vigingi vyake ambavyo bado vilikuwa vimesimama, akafuata mstari kwa macho kutoka kigingi cha mwanzo hadi cha mwisho.

"Hili haliko kwenye kamba," akasema.

"Labda mbegu ilidondoka, baba."

"Hapa mimi sikufika. Nilishuka na mashimo yangu mpaka pale, mbegu zikaniishia." Akakaa chini, pale pale, mgongo kwenye kichuguu. "Hapa si ndipo alipokuwa anakaa?"

Nikamwambia ndipo. Akaniuliza alikuwa anafanya nini. Nikamwambia alikuwa anakula ndizi, anafungua pindo la khanga kuhesabu mbegu zilizobaki, kila mwaka nyingine zinadondoka, haziokoti. Alikuwa anasema hizo ni za panya. Baba alisikiliza kama mtu anayepewa habari za safari ya nchi ya mbali. Kisha akavua kofia, akaishika magotini, akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata kaburini hakulia. Alilia kwa sauti, kama watoto wanavyolia, nami nikamwacha alie.

Alipotulia akasema, "Nilimdanganya mtu anayekufa."

Nilimwambia alimpa usingizi mzuri. Sidhani kama aliniamini.

Shina lile tulilizungushia miiba ili mbuzi wasilifikie. Maganda yalipokauka tulichuma yote, hatukula hata punje, na mbegu hazikujaa hata kikombe cha chai. Nilizichanganya na majivu. Baba mwenyewe ndiye aliyepanda ngazi kurudisha kidumu juu ya dari.

Mwaka jana, mwezi wa tano, alinitumia ujumbe Kiboriloni kwamba mahindi yametoa mbelewele. Nilipofika alikuwa ameshatangulia porini. Majani ya chini alikuwa ameshayavua na kuyafunga mzigo, tena vizuri. Kamba hakuja nayo. Alikuwa amefunga mbegu kwenye kitambaa cha kichwa cha mama, akakining'iniza kiunoni, na yule jirani alipomwona aligeuza uso haraka, akajifanya anapalilia.

"Nionyeshe," akaniambia.

Nikamwonyesha. Jembe linagusa tu. Mbegu mbili. Nikafukia kwa mguu, nikapiga hatua. Akajaribu. Jembe likaingia sana, nikamwambia punguza baba, akapunguza. Mbegu zikaanguka. Akasogeza buti lake la mvua, udongo ukaruka pembeni, mbegu zikabaki wazi zinatutazama. Akajaribu tena, ikawa vile vile.

"Yeye alikuwa anafukia na nini?"

"Na mguu, baba. Mguu mtupu."

Akayaangalia mabuti yake. Kisha akashika bega langu, akavua buti moja, akavua la pili, akavua na soksi. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa kufungiwa, ya mzee, na sikumbuki kama niliwahi kuiona. Aliyapanga mabuti mwanzo wa mstari, yakitazama upande ule tunaoelekea. Akaweka mguu juu ya udongo wenye unyevu, akausikiliza. Akafukia shimo la kwanza, polepole, kwa kidole gumba kwanza kisha kwa wayo wote, akapiga hatua, jembe likagusa, mbegu mbili, mguu. Mimi nilibaki nyuma nikimwangalia. Hakugeuka mpaka alipofika kwenye kichuguu. Kitambaa kilikuwa kitupu. Akakikung'uta, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni, na nikamsikia anasema kwa sauti ya chini, hakuwa anasema na mimi:

"Tumeotesha."