Ukoo Usiougua Titi

Ukoo wa baba yangu, watu wa Kibara, haujawahi kuugua. Wanawake wa ukoo huo wanakufaga, hilo hawalikatai, ila siyo kwa ugonjwa. Shangazi mkubwa alikufa miaka ile ya foleni, sabuni yenyewe haipatikani, titi limeoza tukawa tunalifunga na vipande vya khanga kuukuu. Wakasema mke mwenzie kamroga. Shangazi mdogo akafuata, wakati viwanda vya samaki vimeshafunguliwa na kila mtu kageuka mfanyabiashara. Huyo wakasema alipigwa mkia wa sangara kifuani akipakua mtumbwi. Nami nilikuwepo kwenye msiba, mtu mzima na cheti changu cha ualimu, nikaamini. Nililia nikimlaani samaki.

Halafu nikashika uvimbe kwangu mwenyewe. Nilikuwa naishi Kamunyonge, nafundisha sayansi shule ya msingi. Nikaenda Mwanza kupigwa picha. Daktari aliitazama sana, kisha akasema matiti yangu yana nyama nzito, picha imetoka nyeupe tupu, na uvimbe nao hutoka mweupe. Ni kama kutafuta chumvi kwenye sukari. Hata uzito huo, akasema, mara nyingi mtu anaurithi kwao. Akauliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua titi.

Nikajibu hakuna. Kwetu habari za titi ni za upande wa mama, na mama yangu, mtu wa Butiama, alinyonyesha watoto wanane na hajalalamika hata siku moja.

"Na upande wa baba?" akauliza. "Baba naye hurithisha."

Mimi ndiye nafundisha watoto wa watu kwamba nusu yako imetoka kwa baba. Nilijua sangara hanyofoi titi likaoza miaka miwili. Daktari akaniambia nikaulize nyumbani vizuri. Kama wapo waliougua, hangoji picha nyingine, anakata kipande apime.

Nikaenda Kibara kwa baba mdogo, ambaye tangu baba afariki ndiye msemaji wa ukoo. Nilifika siku mbaya. Washenga walikuwa wamekuja kutoka Bunda, watu wa pamba na ng'ombe, kumposa binti yake. Na kwetu kabla ya lolote huchunguzwa ukoo: kuna kifafa, kuna ukoma, kuna wazimu, kuna uchawi? Baba mdogo alikuwa amevaa koti la mtumba la sufu kwenye joto lile, anatiririka jasho la heshima.

Nilimwita nyuma ya jiko.

"Baba mdogo, shikamoo. Shangazi zangu waliugua nini?"

"Marahaba. Mmoja alirogwa. Mwingine samaki. Si unajua?"

"Nina uvimbe. Daktari anataka ukweli."

Akachungulia kule kwa wageni kwanza. "Sasa wewe mwalimu unataka niwaambie wale kwamba nawapa mtumba wenye tundu? Kama unaumwa, kaulize kwa mama yako huko Butiama. Ng'ombe wakishaingia tutaongea."

Niliumia. Nilitamani kumvua lile koti mbele ya wakwe zake. Yeye akarudi kuketi, wakamuuliza watu wa ukoo wake hufa na nini, akajibu kwa sauti ya kanisani, "Kwetu wanakufaga kwa uzee tu." Shangazi mdogo hakuwa amefika miaka arobaini. Wageni wakaridhika, wakamega ugali.

Nikaingia jikoni kuchukua mkoba wangu. Mdogo wangu, bibi harusi mtarajiwa, alikuwa amekaa peke yake, amepakwa mafuta, amesukwa. Ukuta ule wa udongo haufichi kitu. Alikuwa amesikia yote. Alinishika mkono, akauingiza ndani ya blauzi, karibu na kwapa. Niliupata papo hapo, mgumu, mkubwa kuliko wangu.

"Tangu lini?"

"Tangu tupande mahindi. Baba anajua. Kasema nisiende hospitali mpaka niolewe."

Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Nikamwambia avae viatu. Tukapita mbele ya wageni, nikawaamkia, nikawaambia tunakwenda hospitali sote wawili, kwa ugonjwa uliowaua shangazi zetu. Baba mdogo akacheka, akawaeleza washenga kwamba mimi nina wazimu kidogo. Wakaacha kula, wakanawa mikono.

Mimi walinikata mapema, nikapona. Mdogo wangu walimtoa titi zima, lakini ile miezi ya kungoja ng'ombe haikurudishwa na daktari yeyote. Tulimzika kule kule Kibara. Baba mdogo alisimama kwenye msiba, amevaa koti, akawaeleza waombolezaji kuwa ni kijicho cha watu wa Bunda. Wakaitikia wote, na wasichana wa ukoo waliokaa kwenye mkeka wakaitikia pia.