Mizani Iliyogeuziwa Ndani

Mnunuzi wa karafuu pale Jadida hakuwa mtu wa haraka. Enzi za mizani ya kuning'inia, akishatundika gunia alirudi nyuma, mikono mgongoni, ili muuzaji ajionee mwenyewe. Kisha matajiri wake wakaleta mizani mpya yenye uso kama saa, wakaikaza mezani, uso umemwelekea yeye tu.

“Yasemaje, mwanangu?” aliuliza Bi Mwatum, aliyemuuzia tangu mumewe yu hai.

Mnunuzi alimsomea uzito kwa sauti ndogo, huku akiisukuma mizani ile kama atakaye kuigeuza. Haikugeuka.

Msimu uliofuata Bi Mwatum alikuja na kipimo chake cha pishi kapuni. Karafuu zake alikwisha kuzipima nyumbani. Mnunuzi aliiona pishi. Akarudi nyuma, mikono mgongoni, ingawa kwa uso ule wa mizani uliogeuziwa ndani hapakuwa na cha kumwonyesha.