Kaniki Mguuni mwa Somoe

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi dukani, nalala kitanda kimoja na Bibi kule Mitwero, nilipoambiwa kwamba maji nayo yana mwenyewe. Siku za joto kali baada ya mvua, kijito kinapomwaga maji baharini na pwani yote ikawa vuguvugu, Bibi hakutaka mwenye jeraha aende kuokota chaza. Alimfunga kipande cha kaniki, kile kitambaa cheusi, kifundoni mwa mguu, na wanawake wenzake wakikiona walimrudisha nyumbani, atake asitake. Alisema pale kijito kinapoingia baharini kuna jini anayependa damu.

Mama mdogo Somoe alikuwa na sukari na kichwa kigumu, vyote viwili. Alijikata mguu kwa jembe kwenye mikorosho, Bibi akamfunga kaniki. Asubuhi maji yalipokupwa, Somoe akaifungua akaitupa juu ya kichanja cha vyombo.

"Mama, maji ya chumvi ndiyo dawa ya kidonda. Nani asiyejua?"

"Leo si dawa," Bibi akamjibu. Siku ile hakula.

Mimi nilibeba kikapu. Somoe alisimama majini hadi magotini, akinitania kwamba akitokea jini mwenye mali nimwambie yeye hajaolewa.

Kesho yake mguu ulikuwa umevimba, unang'aa, una malengelenge meusi, na homa imempanda anaweweseka. Hapa ndipo moyo unaniuma hadi leo. Mama yangu alitaka apelekwe hospitali, Bibi akakataa katakata; alisema mwenye jini akichomwa sindano anakufa. Akafukiza ubani, akamwita fundi wa uganga asome, mpaka jua likaelekea kutua. Somoe akamshika mama yangu mkono.

"Dada, nipelekeni. Nakufa."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Akasogea tupite.

Hospitali waliokoa uhai, mguu wakaukata. Daktari alitueleza taratibu kwamba kuna vijidudu vinavyoishi majini, baharini na hata kwenye maji yasiyo na chumvi, na joto likizidi huongezeka. Mwenye afya anaweza kuoga humo asidhurike. Vinamvizia mwenye jeraha, hasa aliyedhoofishwa na maradhi kama sukari. Angefika mapema, pengine mguu ungepona. Bibi alisikiliza yote ameketi sakafuni, halafu akauliza vinaingilia wapi. Daktari akasema panapotoka damu.

Watu wa Mitwero walimsifu Bibi kwamba alionya. Yeye sikumsikia akijisifu hata mara moja. Nampenda Bibi, na namlaumu, na mpaka utu uzima huu sijaweza kuacha hata kimoja. Maji yale aliyajua kuliko sisi sote. Dawa hakuijua, na hakutaka kuambiwa.

Siku Somoe aliporudi, Bibi aliitoa kaniki ile ile kichanjani akamfunga kwenye mguu uliobaki. Somoe, mbishi yule, akaunyoosha mguu.

Sasa Bibi hayupo, na Somoe ana genge lake Mtanda. Juzi nilikwenda kumpa shikamoo, nikaona kitambaa cheusi kifundoni, bado kipya. Aliona ninavyokitazama.

"Kile cha mama kilishaoza," akaniambia. "Hiki nimekata mwenyewe."