Nilifukuzwa kwa Kuongea na Mke Wangu

Jamani, mimi nimewahi kufukuzwa nyumba ya wageni kwa kosa la kuongea na mke wangu.

Mke wa ndoa. Mchana kweupe. Na nguo tumevaa.

Tulieni niwape mkasa.

Mimi ni kinyozi. Mashine ikiwaka, na mdomo wangu unawaka. Ukikaa kwenye kiti changu unatoka na kichwa safi na habari za mtaa mzima.

Sasa nikapanga kumshtukiza mke wangu. Kuna mji mmoja wa bara, vilima vya kijani, joto na mvua za jioni. Watu huenda kutazama ngoma na wachongaji, wakandwe mwili, waoge maji ya majani, warudi wapya. Mke wangu anashona nguo kutwa, mgongo unamuuma, na mji huo ameuota tangu kabla hatujaoana.

Ilikuwa siri kubwa. Sikumwambia mtu.

Isipokuwa wateja.

Jioni moja fundi seremala akapita mlangoni kwetu. "Shemeji, safari njema! Huo mgongo waukande vizuri!"

Mke wangu akaniuliza kitu kimoja tu. "Seremala amejuaje mgongo wangu?"

Nikajieleza. Nikajieleza sana. Nilipomaliza, mwenzangu alikuwa kimya kama maji ya mtungi.

Na kimya kikaendelea. Chakula mezani, kimya. Shati limepigwa pasi, kimya. Niseme ukweli, niliogopa. Mke akigomba unajua bado yumo. Akinyamaza hujui amefika wapi.

Nikaona safari ndiyo dawa. Nikamwekea simu mbele, imejaa picha za nyumba za wageni.

"Chagua wewe, mke wangu. Popote."

Mimi huangalia picha. Yeye husoma mpaka maandishi madogo. Akasoma weee, kisha akagusa nyumba moja yenye bustani. Na akatabasamu!

Nikalipa hapo hapo, kabla tabasamu halijapoa.

Tulipofika nikamchangamkia mama msimamizi: "Habari za hapa, mama! Mvua nayo—"

Akaweka kidole mdomoni. Kingine akakinyoosha ukutani.

NYUMBA YA KIMYA. MGENI HASEMI MPAKA ANAPOONDOKA.

Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa anatazama maua.

Ndugu zangu, niliteseka. Nilikandwa na bwana mwenye mikono ya chuma, nikalia kimoyomoyo. Mezani nikakaa na mzee aliyenyolewa upande mmoja juu, mwingine chini, na siwezi hata kumuuliza nani kamfanyia unyama ule!

Lakini mdomo ulipofungwa, macho yakafunguka. Nikaona mke wangu anashika kiuno kila akiinuka. Nikaona akifurahi anakunja vidole vya miguu. Miaka yote hiyo nilikuwa naongea tu. Nikamsogezea mto mgongoni.

Asubuhi ya pili tumekaa bustanini na wageni wenzetu, wote wamefumba macho. Mke wangu akanigeukia, akasema kwa sauti yake kamili:

"Hivi wewe, umelala vizuri?"

"Umeongea!" nikapiga kelele. Nikafungulia bomba: nisamehe, nimekukosea, mgongo unaendeleaje, na yule mzee kanyolewa na nani?

Mzee akafumbua macho, akajishika kichwa. Mke wangu akacheka mpaka akaangukia majani.

Msimamizi alitutolea mabegi nje mwenyewe.

Getini nikamuuliza mke wangu, "Ulijua sheria ya hapa?"

"Niliisoma. Nina jambo la kukuambia, siku nyingi. Nikataka kwanza nione kama mdomo wako una mlango."

"Ukaonaje?"

"Una mlango. Komeo ndilo bado."

Akaniambia. Pale pale getini, mabegi miguuni. Nililia machozi ya heri, na sioni aibu kusema.

Niliporudi saluni, seremala alikuwa wa kwanza kitini. "Eeh, lete habari! Shemeji anasemaje?"

"Inamisha kichwa," nikamwambia, nikawasha mashine.

Alichoniambia mke wangu getini? Najua ndicho mnachokisubiri tangu hapo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Neno ulilopewa peke yako nalo ni akiba. Ukilimwaga penye kuku wengi, utakayelala naye njaa ni yule aliyekupa.

Kwa hiyo na nyinyi, inamisheni vichwa.