Siku Nilipoposwa na Timu ya Shimanzi

Wasichana wa Mji wa Kale huposwa. Mimi ni mwanamume, tena mrefu wa kuinama kila mlangoni nisije nikajipasua paji la uso, na nimeposwa. Niliposwa kwetu, ukumbini, mbele ya baba yangu mzazi, kwa kahawa na halua, na waliokuja kunitaka walikuwa timu ya mpira wa kikapu. Wallahi si mzaha. Majina sitayataja, maana wengi wao bado tunaswali msikiti mmoja na sitaki kushikwa mkono baada ya swala nikaulizwa maneno.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati kila kijana wa Mombasa alipoamka akataka jezi isiyo mikono na viatu vya shingo ndefu. Timu ya mtaa wetu ilicheza kwenye kiwanja cha saruji nyuma ya skuli, ringi moja ina wavu na nyengine haina. Tulikuwa tukifungwa. Sisemi tulifungwa mara kwa mara; tulikuwa tukifungwa, basi. Timu za bandarini zilitufunga, timu za benki zilitufunga. Iliwahi kuja skuli moja ya bara kutembea pwani wakati wa likizo. Walishuka kwenye basi, wakatufunga, wakaenda zao kuoga baharini.

Sasa, mkubwa mmoja wa ligi yetu alikuwa ameona kwenye kanda za video jinsi Wamarekani wanavyofanya: timu iliyoshika mkia ndiyo inayotangulia kuchagua wachezaji wapya. Akatuletea sheria hiyo Mombasa. Kila mwaka vijana waliomaliza skuli walipangwa mstari uwanjani, na timu ya mwisho ikachagua kwanza. Kwa hivyo sisi kila mwaka tulikuwa wa kwanza. Mwenyekiti wetu, karani mstaafu wa forodha, aliipenda sheria hii kupita kiasi. Siku ya kuchagua alivaa koti juu ya kanzu, akapita mbele ya ule mstari akiwatazama vijana kama mtu anayenunua mbuzi wa Idi. Ungemsikia akisema "sisi ndio wa kwanza" ungedhani tumechukua kombe.

Mwaka niliomaliza skuli, nami nikapangwa mstarini, alisimama mbele yangu, akainua kichwa kunitazama mpaka kofia ikamdondoka. "Mashallah," akasema, "huyu ndiye mustakabali wetu."

Neno hilo, mustakabali, tulikuwa tumelizoea. Mustakabali wa mwaka uliotangulia alikuwa ameshakwenda Uarabuni kuendesha gari la shehe mmoja. Mustakabali wa mwaka kabla ya huyo alikuwa ameoa, na mkewe amempiga marufuku kuonekana nje na kaptura. Sasa ilikuwa zamu yangu.

Hata mechi chache hazijapita, wakaja watu wa Shimanzi. Kule kulikuwa na kampuni ya malori yenye timu yake, na ile timu ilikuwa inashinda karibu kila mechi. Walikosa kitu kimoja tu, mtu mrefu wa kusimama chini ya ringi. Wakataka tubadilishane. Sisi tuwape mimi. Wao watupe wachezaji wawili wazoefu, na mipira mipya, na zamu yao ya kuchagua mwaka ujao. Tena kwao kila mchezaji alipewa kazi. Mimi ningewekwa kwenye yadi ya makontena, karani wa kupokea mizigo.

Nitasema wazi, ile kazi niliitaka. Tangu nimalize skuli nilikuwa sina kitu mkononi, nashinda barazani mpaka mawe yakanijua. Baba alikuwa fundi wa kushona kanzu na macho yalikuwa yameanza kumtupa. Alikuwa akimwita mama amtungie uzi kwenye sindano, kisha amalizie tarizi ya shingoni, na watu wanadhani ni mkono wa baba. Kila nikimwona baba akiisogeza kanzu puani, roho ilikuwa ikiniuma. Nilitaka kwenda Shimanzi niwe mtu, baba aiweke sindano chini. Mpira ungenifuata huko huko.

Lakini nani ataniuliza? Watu wetu hawana namna ya kubadilishana wachezaji. Hawakuwahi kufanya. Kitu pekee walichojua cha kumtoa mtoto wa nyumba hii kumpeleka nyumba ile ni posa. Basi wakaifanya posa. Timu ya Shimanzi nayo ilikuwa na meneja mtu wa hapa hapa Mombasa, akaelewa mara moja. Alikuja kwetu Ijumaa baada ya Alasiri na wazee wawili, wamevaa kanzu za kupigwa pasi, sinia ya halua imefunikwa kitambaa. Kilichokosekana ni chetezo cha udi tu.

"Tumekuja," akasema mzee mmoja baada ya kuulizana hali za jamaa wote mpaka wa Lamu, "tumeona ua kwenye bustani yenu."

Mimi ndiye ua. Nilikuwa nimekaa pembeni kwenye mkeka, magoti yamenifika masikioni. Baba akajibu kama inavyojibiwa, kwamba wamekuja kwao, na jambo hili ni la kheri, na watapewa jibu. Mwenyekiti, aliyekuja bila kualikwa, akaongeza kwamba kijana bado mdogo. Mdogo! Nilikuwa namwona upara wake kutoka juu.

Wiki nzima mtaa haukuwa na jambo jengine. Kwenye baraza ya mkabala na msikiti waligawanyika pande mbili. Kocha wetu, muuza vitambaa aliyejifunza mchezo wote kwa video, alitaka nitolewe. Alisema timu haisimami kwa mnara mmoja, apewe hao wawili wanaojua kazi. Akaulizwa, hao wawili ni watu gani, kwao wapi? Wakatumwa wapelelezi Shimanzi, kama anavyopelelezwa bwana harusi. Wakarudi na habari kwamba mmoja anadundisha mpira vizuri sana lakini magoti mabovu, na mwengine ana wake wawili, mmoja Kibarani, mmoja Likoni.

"Huyo wa wake wawili mazoezi atakuja saa ngapi?" akauliza mwenyekiti.

"Mwenye wake wawili hupenda sana mazoezi," akasema kocha.

Watu wakacheka mpaka muuza kahawa akamwaga. Lakini mwenyekiti hakucheka. Alisema mtu hatoi mwari wake wa kwanza kwa mposaji wa kwanza, watu watadhani kuna kasoro. Alisema tukimtoa huyu, mtaa utasema tumemuuza. Alisema tungoje, tujenge, miaka si mingi mtaona. Tungoje nini? Tulikuwa tunajenga tangu nikiwa natembea uchi, na ukuta hata mmoja haujasimama.

Ijumaa ya pili kamati ya timu ikakutana kwetu kutoa uamuzi. Mama alikaa nyuma ya pazia la jikoni akitoa kahawa, kaimati na mahamri, na kila sinia iliyoingia ilirudi tupu. Baba naye alikuwa mjumbe wa kamati, lakini siku ile alikaa kimya. Baba wa mwari haonyeshi haraka. Akionyesha haraka ataambiwa amechoka kulisha. Halua ya Shimanzi ilikuwa imekwisha siku nyingi, wameila wote, walioikubali posa na walioikataa.

Walizungumza mpaka jua likahama dirisha. Mwisho mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe mwanangu," akasema, "una neno?"

Hapa nieleze. Kwetu msichana akiposwa, hutumwa shangazi kumuuliza. Msichana mwenye adabu hasemi. Anainamisha kichwa, ananyamaa, shangazi anatoka anasema "amenyamaa," na watu wote wanasema alhamdulillah, ameridhika na mume. Mimi nilikuwa nimekulia katika nyumba hizi, nimesikia hayo tangu utotoni. Nikajiambia, kumbe rahisi! Nikiropoka "nataka kwenda" nitaonekana mroho, baba ataaibika mbele ya watu. Nikinyamaa, nimeridhika na mposaji, nimekwenda Shimanzi. Basi nikanyamaa. Nilinyamaa vizuri, wallahi. Nikainamisha kichwa, nikachezea ukindu wa mkeka. Ningekuwa na kanga ningejifunika uso.

"Alhamdulillah," akasema mwenyekiti. "Amenyamaa. Ameridhika kubaki."

Ebo! Nusura nisakamwe na mate yangu.

"Ameridhika kwenda!" kocha akaruka. "Kunyamaa ni kumkubali aliyeposa!"

"Kunyamaa ni kuwaachia wakubwa wake. Na wakubwa wake ni sisi."

"Wakubwa wake ni babake!"

"Na babake ni mjumbe wa kamati, na kamati mwenyekiti wake ni nani?"

Wakaanza kubishana kuhusu kimya changu kana kwamba mimi sipo, kimya nimekiacha pale kwenye mkeka nikaondoka. Mmoja akasema nilitabasamu. Mwengine akasema lile halikuwa tabasamu, ni njaa. Mimi nakodoa macho tu, kila nikitaka kufungua kinywa kuna mkubwa wangu anayesema, na huwezi kumkata mkubwa maneno. Nilimtazama baba. Baba alikuwa anatazama kikombe. Niliiona ile kazi inaondoka, naiona hivi hivi, na mimi nimekaa na adabu zangu. Mwenyekiti alikuwa na sauti kubwa kuliko kocha, na kwa kawaida ya kamati ile, jambo likaamuliwa hivyo. Akainua mikono tusome Fatiha.

Pazia likafunguka. Mama akatoka, amejitanda buibui, mkono mmoja una unga. Sikuwahi kumwona mama akiingia kwenye kikao cha wanaume. Mikono ya dua ikabaki hewani.

"Samahanini wazee wangu," akasema. "Huyu mumemuuliza nini?"

"Tumemuuliza kama ana neno, bibie," akasema mwenyekiti kwa upole mwingi, "naye amenyamaa. Umelea, mashallah. Adabu tele."

"Hata mimi nilinyamaa," mama akasema.

Hakuna aliyemwelewa.

"Siku niliyoposwa. Shangazi yangu aliingia chumbani akaniuliza, nikanyamaa. Akatoka akawaambia nimeridhika, mukapiga vigelegele, mukala halua. Nilikuwa nimenyamaa kwa sababu naogopa. Sikuwa na jengine." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayeeleza unga umekwisha dukani. "Sasa huyu muulizeni vizuri. Muulizeni ataka nini. Halafu mungoje mpaka ajibu."

Akasimama pale pale mlangoni. Mwenyekiti akashusha mikono polepole, akaipangusa kwenye kanzu. Kocha, mtu wa maneno kila siku, alikuwa anasoma maandishi ya kopo la kahawa. Nami nilimtazama baba, na baba hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama mama. Kikombe kilikuwa kimesimama katikati ya njia, hakiendi mdomoni wala hakirudi chini.

"Mwanangu," akasema, macho bado yako kwa mama. "Sema."

"Nataka kwenda Shimanzi," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba, aibu tupu, mtu mzima na urefu wangu. "Nataka ile kazi, baba."

"Aende," baba akasema.

Mwenyekiti akasema vijana wa siku hizi hawana subira. Akasema mtaa utakuja kujuta. Akajaza kiganja kaimati zilizobaki, akazifunga kwenye leso yake, akatoka, na wengine wakamfuata wakigombania viatu mlangoni.

Nilikwenda Shimanzi. Nilipewa viatu vya ngozi vilivyonibana na kofia ya plastiki, nikakaa kwenye vumbi la yadi nikipokea makontena, na jioni nikasimama chini ya ringi. Baba aliiacha sindano taratibu, kanzu moja moja, akijidai wateja wamepungua. Timu ya mtaa wetu ilipokea wale wawili wazoefu ikaendelea kufungwa, sasa kwa uzoefu. Yule wa wake wawili hakukosa mazoezi hata mara moja.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile ile, wageni walipokwisha kutoka, baba alibaki amekaa kwenye mkeka. Adhana ya Magharibi ilikuwa bado kidogo. Mama alikuwa akikusanya vikombe kwenye sinia, haraka haraka, kama mtu anayetaka kutoka chumbani, nami nilikuwa mlangoni navaa viatu.

"Na wewe," nikamsikia baba, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Siku ile. Uliridhika?"

Vikombe vikaacha kugongana.

"Leo ndio waniuliza?" mama akasema. "Watoto sita, leo ndio waniuliza?"

"Leo," baba akasema.

Mama akaiweka sinia chini, akakaa mkabala naye. Nami nikatoka nje, nikaurudisha mlango.