Mstari Mwekundu Ukutani

Kwa miaka kumi na sita Dorkasi aliosha na kupanga vyombo vya maabara ya sekondari moja ya Shume. Shule yake mwenyewe iliishia kidato cha nne, ila kupima dawa alikuwa hakosei.

Likizo ya Juni, mwalimu wa fizikia, Hashimu, alimletea karatasi ya maelekezo ya kutengeneza kimiminika cha sumaku.

"Mama Beatha, mimi kimenishinda," alisema. "Hebu jaribu wewe."

Mara ya kwanza chembe za chuma ziligandana zikazama chini kama machicha ya kahawa. Mara ya pili vilevile. Dorkasi akaibeba karatasi hadi nyumbani, akaisoma huku maharage yakichemka, mpaka akaliona kosa. Chembe zile, ndogo hata hadubini ya shule haizioni, zilitakiwa kuvikwa mafuta kabla hazijashikana. Yeye alikuwa akiyatia mchanganyiko umeshapoa.

Safari ya tatu aliyatia ungali moto, akakoroga taratibu. Alipokisogezea sumaku ya spika mbovu, kile kimiminika cheusi kikaota miiba.

Akachukua tone, akalizimua kwa mafuta ya taa, akalibana kati ya vioo viwili vyembamba. Akapitisha mwanga wa leza. Ukutani likatua doa jekundu. Alipoweka sumaku kando ya kioo, doa lilinyooka likawa mstari. Akaigeuza sumaku, na mstari nao ukageuka. Dorkasi aliketi kwenye stuli, akarudia mara nyingi, akicheka peke yake.

Shule ilipofunguliwa, Hashimu alitazama mstari ule ukigeuka.

"Kesho utawaonyesha kidato cha tatu."

"Mwalimu, mimi si mwalimu."

"Aliyekitengeneza ni nani?"

Kesho yake alisimama mbele ya darasa, akapitisha leza na kuweka sumaku kando ya kioo. Msichana mmoja, Tatu, akauliza kwa nini doa linanyooka.

"Sumaku inazipanga chembe foleni," Dorkasi alijibu. "Mwanga ukizikuta hivyo, unatawanyika kuelekea pembeni mwa foleni. Njoo uigeuze mwenyewe."

Tatu akaigeuza. Wengine wakajipanga nyuma yake, na kipindi kikaisha wangali wamesimama.

Jioni Dorkasi alimsimulia mumewe, Nikodemo, kwa Kishambaa, akachora mstari ule mezani kwa kidole kilicholowa. Nikodemo akauliza kama kitu hicho kina kazi yoyote.

"Mwalimu anasema zipo nyingi," alisema, akimpakulia ugali. "Mimi bado nafurahia kukitazama."