Nilivyojifundisha double bass ukubwani hapa Kagongwa, mama mkwe akikohoa chumba cha pili

Mwangaluka wakuu.

Mimi humu ni wa kusoma na kupita kimya kimya, ila hili limenishinda kukaa nalo. Hakuna chai wala chumvi. Mke wangu ni member humu, nikiongeza hata neno moja atanianika kwenye comments.

Iko hivi.

Mchana mimi ni fundi wa makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Nimezunguka nazo kuanzia Mwakitolyo mpaka Geita. Wikiendi napiga gitaa la besi kwenye bendi yetu pale Kahama. Tunapiga jazz. Chekeni tu. Watu wanakuja, hata kama wengine wanafuata mbuzi choma.

Sasa mwaka jana mzungu mmoja wa Geita alikuwa anarudi kwao, akaniachia double bass yake kwa bei ya kutupa. Kwa wasioijua, ni kama fidla iliyokula ikashiba. Inakupita kimo, unasimama nayo umeikumbatia. Na haina vile vyuma vya shingoni kama gitaa vya kukuonyesha noti iko wapi. Kidole kikiteleza kidogo tu umepotea, na ukumbi mzima unasikia.

Niliisafirisha kwa Fuso, imefungwa blanketi. Tunaishusha hapa mtaani, majirani wakaja taratibu, mzee mmoja kavua kofia, mama mmoja akaniuliza kwa huruma marehemu ni wa upande wangu au wa mke wangu.

Nikaanza na upinde, ile fimbo ya kusugulia nyuzi. Ukapiga yowe. Akili ya fundi karasha inajua kitu kimoja, kinachopiga yowe kinataka grisi.

Nikaupaka grisi.

Wakuu, ule upinde ni bubu mpaka leo. Kumbe unatakiwa upakwe utomvu mkavu ili ung'ang'anie nyuzi! Nikabaki na vidole vyangu na YouTube.

Wakati huo kiongozi wa bendi, mwimbaji wetu Mama Neema, akaniita pembeni. "Baba Kulwa, hoteli wanataka jazz ya mchana, ya taratibu, na wameliona hilo dude lako kwenye picha. Tunaanza Jumapili ya Pasaka. Likikushinda niambie mapema, kuna kijana Mwanza analijua."

Niliumia, siwafichi. Hiyo nafasi nimeikalia tangu bendi inaanza. Nikitolewa pale, kinachobaki ni mimi na vumbi la mawe.

Na hapo ndipo mama mkwe alipofika kutoka Ushirombo. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, akae kwetu Kwaresma yote awe karibu na kliniki.

Wenye wakwe mnanielewa. Kwetu mkwe unamheshimu kwa mbali. Hatuli pamoja, hatutazamani usoni. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Basi, mengine yote yanapita kwa mke. Sasa nitasimamaje sebuleni mbele ya mkwe nimekumbatia kitu chenye kiuno na makalio, nakipapasa?

Nikahamia stoo. Stoo na chumba chake vinachangia ukuta mmoja.

App ya simu ya kupimia noti ilikuwa inachanganywa na karasha la jirani, nikaiacha. Nikawa napiga kwa kubahatisha. Napiga noti, upande wa pili nasikia "kho!" Narudia, "kho kho!"

Roho ikaniuma. Nikajua ni vumbi ninaloingia nalo kutoka kazini. Nikanunua dawa ya kikohozi, Mama Kulwa akampelekea. Mama akanywa, akashukuru. Kesho yake nashika besi, "kho!" Nikaongeza chupa nyingine, tangawizi na asali. "Kho kho!"

Nikamwambia mke wangu huyu mama apelekwe hospitali, tutaulizwa na ukoo wake.

Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. "Mama hana kikohozi chochote. Amefundisha kwaya kigangoni tangu mimi sijazaliwa. Hawezi kumwambia mkwe wake kwamba anakosea, ndiyo maana anakohoa. Hiyo dawa anakunywa kwa adabu tu."

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze na besi yangu.

Lakini kuanzia siku ile darasa likaanza. Kho moja, nimekosea kidogo, nasogeza kidole. Kho mbili, nimeharibu kabisa, naanza upya. Kimya, niko sawa. Asubuhi tunapishana mlangoni, shikamoo, marahaba, kama hakuna kinachoendelea. Kwaresma nzima hakuna aliyelitaja.

Pasaka ikafika. Mke wangu alikuja naye ukumbini, wakakaa nyuma kabisa, mama kavaa miwani yake myeusi, kanipa mgongo nusu kama inavyotakiwa. Wimbo wa kwanza jasho likanitoka kwenye vidole, noti moja ikachepuka. Katikati ya kelele za sahani nikasikia "kho!" Nikasogeza kidole. Mama Neema akageuka, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kuimba.

Baada ya hapo, kimya. Wimbo hadi wimbo, kimya. Machozi yalinilenga nimekumbatia lile dude. Kijana wa Mwanza hajaitwa hadi leo.

Nilichojifunza: ukubwani mikono unaweza kuifundisha mwenyewe, ila tafuta sikio la mtu anayekutakia mema, na usiharakishe kumtibu.

Mama amesharudi Ushirombo. Stoo imepoa. Nikipiga naona kimya tu, na sijui niko sawa au ni kwa sababu hayupo. Inaniuma kuliko nilivyotegemea.

Jana nimempigia kumsalimia. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Salamu zikaisha, ila hakuna aliyekata simu. Nikaiweka simu juu ya ndoo, nikaishika besi, nikapiga taratibu. Noti ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kutoka Ushirombo:

"Kho!"

Nikasogeza kidole.

Wabeja sana kwa kusoma. Mwenye ujuzi wa kutoa grisi kwenye upinde aniokoe. Wengine mtoe maoni, hata kukohoa ruksa.